Pumzi Nilizodhani Nimeziiba

Blanketi lilinifikia likiwa limeshonewa ndani ya gunia kwa uzi wa katani, na kabla sijakata mshono wa kwanza nilikwisha kujua ni lipi. Lilinuka moshi wa kuni, na chini ya moshi ilikuwapo harufu nyingine ambayo sijapata kuisikia ikipewa jina katika lugha yoyote niliyofundishwa: harufu ya sufu iliyopumuliwa kwa miaka mingi. Wenzangu mliokulia kwenye nyanda zetu za juu, mkalala wawili au watatu chini ya blanketi moja, mnaijua bila mimi kuieleza. Ni unyevu wa vinywa vya watu mnaowapenda.

Nilikuwa katika juma la tatu tu la kazi yangu ya kwanza, nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu hakijapata hata mkunjo. Ndani ya blanketi mlikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa dada yangu Rahabu, ule mwandiko ulioegemea upande mmoja kama watu wanaotembea penye upepo. "Mwalimu mpya asilale na baridi," aliandika. "Nimelitunza kadiri nilivyoweza. Mistari myekundu imepauka, lakini kufunika bado linafunika." Nilikaa kitandani nikalipakata, na kengele ya vipindi vya mchana ikalia nikiwa bado nimekaa.

Naandika habari za blanketi hili kwa sababu chini yake, nikiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, niliamini kwamba ninamuua dada yangu. Niliamini hivyo kwa muda wa majuma mengi, bila kumwambia mtu. Na nilikuja kutuliwa mzigo huo mahali nisipopatarajia, na mtu ambaye hakujua hata jina langu.

Nyumbani kwetu palikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Njombe, juu ya bonde ambamo mama na bibi walilima vinyungu, zile bustani za bondeni zinazotulisha wakati wa kiangazi. Tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa baba, Rahabu aliyenipita kwa miaka saba, na mimi. Baba alikuwa mkonge. Ndivyo tulivyosema, kana kwamba mkonge ni mji. Ukweli ni kwamba aliandikishwa Makambako pamoja na wanaume wengine, wakapandishwa gari kwenda kukata katani upande wa Tanga. Siku ya kuandikishwa kila mmoja alipewa blanketi. Baba alilikabidhi la kwake kwa shangazi yetu aliyekaa Mahongole, jirani na Makambako, akasema lipelekwe kwa watoto, maana huko aendako hakuna baridi. Alisema pia kwamba atarudi baada ya mavuno. Mavuno yalikuwa yamepita mara mbili.

Lilikuwa blanketi la kijivu, zito, lenye mstari mwekundu kila mwisho. Katika miezi ya baridi, nyasi zilipoamka zikiwa nyeupe kwa jalidi na maji ya kwenye chungu yakawa na ngozi ngumu juu yake, mimi na Rahabu tulilala chini yake tukiwa tumekunjana kama maharage ndani ya ganda. Mimi nilipenda kulivuta mpaka juu ya vichwa vyetu. Rahabu hakupenda.

"Unataka tuivie humu?" alikuwa akiniuliza, kisha anasukuma ukingo mpaka shingoni.

Nilikuwa mtoto wa kuangalia mambo, na humo gizani niliangalia jambo moja. Tulipofunika vichwa, pumzi zetu zilianza polepole. Baada ya muda, ingawa tulikuwa tumelala tuli kama magogo, zilianza kwenda mbio, zangu na zake pia. Rahabu alipofunua ukingo, baridi ikaingia, zilirudi tena kwenye mwendo wake. Nilijua kwamba ndivyo ilivyo. Sikujua ni kwa nini, na sikuwa na mtu wa kumuuliza, maana bibi aliyachukulia maswali kama inzi.

Jibu nililipata kanisani, na lilikuwa jibu baya. Mwinjilisti wetu alihubiri juu ya Mungu kumpulizia mtu pumzi puani, akasema kwa sauti yake ya upole kwamba Yeye ndiye aliyempimia kila mmoja wetu pumzi zake, wala hakuna awezaye kujiongezea hata moja. Watu wazima walitikisa vichwa kwa faraja. Mimi nilishikwa na hofu. Kupima nilikujua: mama alipima mahindi kwa debe, na debe likiisha, limeisha. Nikaona kila mtu ana debe lake la pumzi. Nikaona pia kwamba chini ya blanketi lililofunikwa, pumzi za Rahabu na zangu zilimwagika katika chungu kimoja, nasi tukala humo pamoja. Na nani asiyejua ni nani kati yetu aliyekula kwa haraka? Bibi mwenyewe alinisema kila siku kwenye sinia la ugali. Ndiyo maana tulipumua mbio, nilisema moyoni: mimi naharakisha kumaliza, na Rahabu anaharakisha kuokoa kilichobaki.

Pengine hofu hiyo ingepita kama zinavyopita hofu nyingine za watoto. Lakini mwaka ule ikaja barua. Rahabu alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya wasichana upande wa Iringa, wa kwanza kutoka kanisa letu. Mwinjilisti aliisoma barua mbele ya watu. Orodha ya vitu ilikuwa fupi: sahani, kikombe, sabuni, blanketi moja. Mama alilia, akacheka, akalia tena. Bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alianza siku hiyohiyo kumwita mjukuu wake kwa cheo.

"Mwalimu, mboga zinaungua."

"Sijawa mwalimu, bibi."

"Ndiyo maana zinaungua."

Rahabu alicheka pamoja nasi, ila kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko kawaida, kama kamba iliyokatwa.

Siku ya tatu baada ya barua tulikuwa uani tukichambua maharage. Niliona kifua cha Rahabu kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda mlima, naye amekaa. Kisha maharage yakamwanguka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, vigumu, kama miguu ya kuku aliyechinjwa. "Midomo siisikii," alisema. "Mama, siisikii midomo yangu."

Mama alikuja mbio, jirani wawili wakafuata. Walifanya yote ambayo watu wetu hufanya mtu anapozimia au kuzidiwa. Walimlaza palipo wazi. Mmoja alimwita jina lake sikioni, kwa sauti kubwa, ili asiende mbali. Mwingine alitwaa ungo akampepea kwa nguvu zote. Na mama alipiga magoti akamwambia, "Vuta hewa, mwanangu. Vuta. Vuta tena." Rahabu alikuwa mtoto mtiifu. Alivuta. Kadiri alivyovuta ndivyo vidole vilivyozidi kukaza na macho yalivyozidi kutoka, na kadiri macho yalivyotoka ndivyo ungo ulivyopigwa kwa kasi. Mwishowe mama alichoka kwa huzuni, akamlaza mapajani, akamfunika uso mzima kwa kaniki yake, kama mtu amfichaye mtoto jua. Baada ya muda Rahabu akatulia. Tulimshukuru Mungu na tukausifu ungo. Hakuna kati yetu aliyeitazama ile kaniki.

Jioni nilimsikia bibi akimwambia mama jikoni, "Huyu anaishiwa pumzi. Kuna kinachomla."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Tangu hapo nilianza kulipa. Nilipokwenda kuteka maji nilibana pumzi kutoka jiwe moja mpaka jingine. Kanisani, wengine wakiomba, mimi nilifunga mdomo na pua nikahesabu vidole. Kila pumzi ambayo sikuvuta niliitoa kwa Rahabu kwa sala fupi. Na kila mara lilitokea jambo lilelile ambalo liliniaibisha kuliko adhabu yoyote. Nilikuwa nimeamua kwa moyo wote. Nilimpenda dada yangu. Nilitaka kufika hesabu ya ishirini zaidi. Lakini kifua changu kilianza kuruka chenyewe, koo ikapiga, na mdomo ukafunguka bila idhini yangu, nikavuta hewa kwa pupa, nikameza mara moja yote niliyokuwa nimeyaweka akiba. Nikajua kwamba mwili wangu ni mwizi, na kwamba nia yangu njema haiwezi kuushinda. Sijui kama katika maisha yangu nitapata tena kusadiki dhambi yangu kwa uhakika kama ule.

Nililiacha blanketi pia. Rahabu aliposinzia nilitoka chini yake, nikalala pembeni juu ya mkeka na miguu yangu peke yake ikiwa imefunikwa.

"Wewe, rudi ndani," alisema mara moja alipoamka. "Miguu yako ni kama chura."

"Nina joto."

"Joto gani, na meno yanagonga?"

"Lala tu, dada. Pumua."

Naamini alidhani ninaota.

Hali hiyo ilimrudia mara mbili zaidi, na kila mara ilikuja mtu alipozungumza habari za safari. Sisi hatukuunganisha. Bibi aliunganisha kwa namna yake: mtoto anayeanguka, alisema, hapelekwi kwa watu wasiomjua. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nitamfikisha Makambako. Akianguka huko, narudi naye, na barua nitaichoma." Kuhusu blanketi, bibi aliamua kwamba likatwe kati. Fundi cherehani mmoja Makambako angelipinda kingo, na kila mmoja wetu angebaki na nusu yenye mstari wake mwekundu. Nilichukuliwa safarini ili kuileta nusu yangu nyumbani.

Tulipanda lori la magunia kutoka Njombe, tukafika tukiwa weupe kwa vumbi, tukalala Mahongole kwa shangazi. Asubuhi tulikwenda njia panda ambapo basi la Iringa lilisimama. Makambako wakati huo ilikuwa maduka machache ya mabati na upepo mwingi. Watu walitoka pande zote wakasalimiana "kamwene", wakauziana viazi vya kuchemsha, wakaagana. Kando ya barabara, penye uwazi, walikaa wanaume wengi juu ya vifurushi, kila mmoja na blanketi jipya la kijivu mabegani, wakisubiri gari la mkonge.

Rahabu aliwatazama. Kisha akaanza kupumua.

Safari hii ilikuwa kali kuliko zote. Alianguka magoti katikati ya vifurushi vyetu na mikono yake ikakunjika mpaka kwenye viwiko. Watu walikusanyika, mama alimpokonya mwanamke mmoja ungo wa kuuzia karanga na kuanza kumpepea. "Vuta, Rahabu, vuta." Mwuza viazi alisema kuna zahanati nyuma ya maduka na dresa yupo. Wanaume wawili walimbeba. Mama alikimbia pembeni akipepea, na mimi nyuma nikiwa nimekumbatia blanketi, nikibana pumzi zangu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Dresa, ndivyo tulivyowaita watu waliofunga vidonda na kutoa dawa katika zahanati za serikali, alikuwa mtu wa Tukuyu, mfupi, mwenye koti la kijeshi lililokatwa mikono. Alikuwa amerudi kutoka vitani. Alimtazama Rahabu, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, akatoa saa mfukoni.

"Bwana mganga," mama alisema, "mtoto wangu anaishiwa hewa."

"Haishiwi, mama. Anayo kupita kiasi. Acha kumpepea."

Mama aliendelea kupepea.

"Mama, ungo wako ni mzuri, lakini hapa hatupepeti ulezi. Weka chini."

Mtu mmoja mlangoni alicheka, mama akauweka chini. Dresa alisikiliza kifua mbele na nyuma kwa mpira wake wa masikioni, akagusa paji la uso, akatazama ndani ya macho. Hakuharakisha. "Homa hana," alisema. "Mapafu mazima, moyo mzima. Mna kitu kizito cha kumfunika?"

Mama aligeuka kwangu akanyoosha mkono achukue blanketi. Sikumpa. Nililishika kwa mikono yote miwili, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usimfunike," nilisema. "Atakufa. Hilo ndilo linalomla."

Nilitegemea kuchapwa. Dresa aliniangalia kama alivyoiangalia saa yake. "Wewe unamjua kuliko mimi," alisema, "basi utanisaidia. Shika mkono wake huu. Ukiona anazidi, nivute koti, nami nitamfunua papo hapo. Tumepatana?"

Nilimpa blanketi. Alimkalisha Rahabu, akamfunika kichwa na mabega, akainama karibu na sufu. "Binti, sikiliza. Usivute. Wewe toa tu, polepole, kama unayepoza uji wa mtoto mdogo. Ukishatoa, kaa. Mwili ukitaka, utavuta wenyewe. Hapa hakuna anayekukimbiza."

Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa mgumu kama tawi. Nilisikia chini ya blanketi pumzi zikitoka na kuingia kama msumeno. Mkono wangu wa pili ulikuwa tayari kwenye pindo la koti. "Uji bado wa moto," alisema dresa. "Poza." Msumeno ukapunguza kasi. Ukapunguza tena. Kisha kidole chake kidogo kililegea ndani ya kiganja changu, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, kimoja kimoja kama watu wanaoamka nyumbani asubuhi, mpaka mkono wote ukawa mkono wa Rahabu tena, laini na wenye jasho. Ulinibana. Nililiachia lile koti.

"Midomo naisikia," sauti ilisema kutoka ndani ya blanketi.

Mama alikaa sakafuni. Dresa alisubiri kidogo, kisha akanigeukia. "Haya. Nani anamla dada yako?"

Nilimwambia yote, kwa Kibena na kwa Kiswahili kidogo nilichokuwa nacho, na mama akasikia kwa mara ya kwanza: debe, chungu kimoja cha pumzi, mawe ya njia ya kisimani, mwili wangu mwizi. Nilipofika kwenye kulala mkekani, blanketi lilisema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unalala kama mbuzi aliyesahauliwa nje."

Dresa hakucheka. Alinionyesha saa. "Bana pumzi. Nami nabana. Tuone."

Nilibana. Nilikuwa na mazoezi ya majuma mengi, na nilimshinda. Nyusi zake zilipanda. Lakini mwishowe kifua kikaruka kama siku zote, mdomo ukafunguka, nami nikainamisha kichwa.

"Nani amekuamuru uvute?"

"Mwili. Ni mlafi."

"Si mlafi. Ni askari," alisema. "Hewa uliyokwisha kuitumia ikijaa ndani, askari huyo anaisikia harufu yake, anapiga filimbi: toa hii, vuta nyingine. Ikizidi, anapiga kwa haraka. Ndiyo maana mkifunika vichwa mnapumua mbio. Hamwibiani chochote. Mlango ukifunguliwa, hewa ipo ya kutosha Makambako yote, na upepo huu unauona mwenyewe. Sasa dada yako yeye, kwa hofu, ameitoa hata ile kidogo ya zamani ambayo mwili unaitaka ibaki. Akakosa mizani. Mikono inakunjika. Anaona kama anakosa hewa, nanyi mnampepea, mnamwambia vuta, anazidi kuitoa. Nimewaona askari wazima wenye bunduki wakiwa hivyo, melini, siku moja kabla ya kushuka. Daktari wetu aliwafunika makoti."

Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba si mimi. Jambo hilo lilishuka ndani yangu polepole, kama maji ya moto yashukavyo kooni asubuhi ya baridi.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu wa sayansi alimpa kila mmoja bilauri ya maji ya chokaa na bua la ngano, akatuambia tupulize. Maji yalibadilika yakawa kama yaliyooshewa mchele. Hiyo, alisema, ni hewa ya ukaa, ambayo kila mwili huitengeneza na kuitoa. Watu wengi hudhani tunavuta pumzi kwa sababu tumepungukiwa na hewa njema; kwa kawaida kinachouamsha ubongo ni hewa ya ukaa kuongezeka katika damu. Ikiongezeka, ubongo huharakisha kifua. Ikipungua, hukipunguzia mwendo. Na mtu akiitoa kuliko anavyoitengeneza, damu hubadilika hali, midomo hufa ganzi na vidole hukunjika, ingawa amejaa hewa tele. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, kwa maana nilikuwa nasikiliza upya hukumu ya kesi yangu ya zamani, na kwa mara ya pili nilikuwa naachiwa huru. Kile nilichokiita wizi kilikuwa utii. Mwili wangu ulikataa kufa kwa ajili ya kosa ambalo halikuwapo, na ulikuwa na haki kuliko mimi. Tangu siku hiyo sijapata kusimama mbele ya darasa nikasema neno kubwa bila kujiuliza ni mtoto gani, kwenye kiti cha nyuma, anayelipima kwa debe.

Lakini siku ile kwenye zahanati bado palikuwa na swali moja. Dresa alichutama mbele ya Rahabu, ambaye sasa alikuwa ametoa uso nje ya blanketi, nywele zimesimama. "Na wewe binti. Unaogopa nini?"

Rahabu alielekeza kidevu upande wa barabara. "Baba alipandia gari pale pale. Alipewa blanketi kama lao."

"Kwa nini hukusema?" mama aliuliza.

"Mlikuwa mmefurahi, mama."

Nilimwona mama akitaka kusema maneno mengi, akayaacha. Baba, niseme hapa ili msibaki na wasiwasi kama sisi, alirudi mwaka uliofuata, mwembamba, mwenye kikohozi na mwavuli. Lakini hayo hatukuyajua. Mama alisema tu, "Turudi nyumbani? Ukisema turudi, tunarudi, wala hakuna atakayekuita mwalimu kwa dhihaka."

Rahabu alitazama mikono yake, akavikunja vidole, akavikunjua. "Basi limeshaondoka?"

Halikuwa limeondoka. Lilikuwa likisubiri mifuko ya barua kutoka Njombe. Tulimwendea fundi cherehani, ambaye alikuwa amekwisha kunoa mkasi, akatandaza blanketi mezani na kupima katikati kwa shubiri.

"Msilikate," nilisema.

"Wewe utajifunika nini?" mama aliuliza.

"Nitalala kwa bibi."

"Bibi anakoroma," alisema Rahabu.

"Basi nitajua anapumua."

Fundi alicheka mpaka mkasi ukamwanguka. Mama alilikunja blanketi zima, akampa Rahabu.

Basi liliondoka jua likiwa limepanda. Rahabu alikuwa amepata kiti cha dirishani. Watu walipoanza kusukumana na utingo kupiga bati kwa kiganja, nilimwona akiweka mkono kifuani, na nikajua. Mama pia alijua, akashika bega langu. Rahabu alilitandua blanketi, akajifunika kichwa mbele ya abiria wote, katikati ya mchana.

"Baridi gani hii, nawe ni Mbena?" mwanamke wa kiti cha mbele alimdhihaki, na wengine wakacheka.

"Napoza uji," lilijibu blanketi.

Basi lilisogea. Dirishani palibaki kilima kidogo cha kijivu chenye mstari mwekundu juu yake, na nilikikazia macho mpaka yakauma. Kilipanda, kikakaa, kikashuka polepole. Kikapanda, kikakaa, kikashuka. Basi lilipopotea ndani ya vumbi la barabara ya Iringa, nilisimama penye uwazi ule, upepo wa Makambako usoni mwangu, nikafungua mdomo nikavuta pumzi nzima, ya kwanza kwa majuma mengi, wala sikuirudisha kwa mtu.